Visanduku Sitini na Tatu

Nyakisasa, Ngara
3 Juni 2024

Kwa mwenye Swabaha Steshenari, Nyakanazi.

Ndugu,

Nimeelekezwa kwako na katekista wetu. Anasema kadi za kipaimara ulizomtengenezea hazikuwa na kosa hata moja, na yeye si mtu wa kusifu ovyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari miaka kumi na tisa, na muda wote huo nilikuwa napiga picha: harusi, misiba, mavuno ya kahawa, watu wamekaa tu nje ya nyumba zao. Hapa Nyakisasa wengi niliowapiga wameshakufa, na wengi wao hawana picha nyingine popote. Nimechagua sitini na tatu. Nataka ziwe kitabu, watu wakione siku ya sikukuu ya parokia mwezi wa kumi na mbili. Rozina, jirani yangu, ameshatengenezesha fremu kwa ajili ya picha ya mwanawe aliyezama mtoni. Fremu iko ukutani, tupu, inangoja.

Macho yangu yamekwisha. Ni presha ya macho. La kushoto halioni kitu, la kulia linajua dirisha liko wapi. Kuchapa nachapa mwenyewe, vidole vinajua herufi zilipo. Barua zako atanisomea mke wangu Domisiana. Simu sitaki, mtu akisema kwenye simu, kesho anakana.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Faili ni moja na picha zote zimo. Niliziweka mwezi wa tatu, wakati jicho la kulia lilikuwa bado linaona kwa lenzi ya kukuzia. Kompyuta yangu ni ya zamani, ilikuwa inaganda kila nikiingiza picha, mpaka fundi akanionyesha kuziweka kwa kiungo ili faili lisiwe zito. Likawa jepesi kweli. Maelezo ya chini ya kila picha nitaleta baadaye, bado nayatunga kichwani.

Kazi iwe safi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: kompyuta haikosei, anayekosea ni mtu.

Mwl. A. Rwekaza


Nyakanazi, Biharamulo
9 Juni 2024

Mwalimu, shikamoo.

Bahasha nimeipokea jana kwa kondakta. Flashi bado sijaifungua, nina mitihani ya shule tatu za msingi inayotakiwa Jumatano. Lakini kazi naikubali.

Mwalimu, mimi nilisoma shuleni kwako. Sikufika kidato cha nne. Pengine hutanikumbuka, tulikuwa wengi.

Ninaikubali kwa sababu moja. Mama yangu, Bi Pili aliyekuwa akiuza vitenge hapa stendi, alifariki mwaka 2011. Hakuwahi kukubali kupigwa picha. Hata kwenye harusi ya dada yangu, kamera ikimjia anageuza uso. Siku hizi nikifumba macho naiona kanga yake, naiona mikono yake ikikunja vitambaa, lakini sura inanikataa. Ninajaribu na inanikataa. Kwa hiyo ninajua kitu unachowafanyia watu wa huko.

Wasalaam,
Swabaha Haji


Nyakisasa
17 Juni 2024

Swabaha,

Marahaba. Domisiana alipofika kwenye jina la Bi Pili nilimwambia asimame kwanza kusoma. Nimekukumbuka. Kidato cha tatu, mwaka 2009. Ulikaa dirishani na ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Unadhani mwalimu anasahau?

Sikujua kwamba Swabaha wa steshenari ni wewe. Sasa najua, na nimefurahi kuliko unavyoweza kufikiri. Ndani ya lile faili, namba arobaini na saba, kuna picha inayokuhusu. Ukiifikia utaijua mwenyewe. Sisemi neno zaidi, nisije nikakuharibia. Ni yako.

Nitumie kurasa mbili za majaribio nizishike mkononi.

Mwl. A. Rwekaza


Nyakanazi
20 Juni 2024

Dada Raya, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu yako anapokea shemeji, na haya si ya kusikia yeye. Bahasha nimeiweka chini kabisa ya madaftari uliyoagiza.

Rwekaza amenipa kazi. Ndiyo, yule yule. Amepofuka, anaishi Nyakisasa, anataka kitabu cha picha; kuna mama huko ameshatengenezesha fremu ya mwanawe aliyezama. Nilikubali kwa moyo mweupe, wallahi. Nikajiambia, miaka kumi na tano imepita, mtu amezeeka, mimi nina duka langu, yaishe.

Leo nimefungua faili. Hakuna picha, dada. Hata moja. Kuna visanduku sitini na tatu vitupu, na ndani ya kila kimoja imeandikwa mahali picha ilipo: D:\PICHA, halafu mwaka, halafu jina. Mzee hakuweka picha kwenye faili, aliweka maelekezo tu ya zilipo kwenye kompyuta yake. Kwake akifungua zinaonekana zote, kwa sababu folda ipo humo humo. Kwangu kompyuta inakwenda D, inatafuta folda ya PICHA, haioni kitu. Alichonitumia ni bahasha zenye anwani. Barua amebaki nazo nyumbani. Kosa hili nalipata kila wiki hapa dukani. Wanafunzi wa chuo wananiletea ripoti hivi hivi, nawaambia warudi na folda nzima, dakika tano kazi imekwisha.

Nilikuwa nimeshachukua kalamu nimwandikie hivyo. Halafu nikafika namba arobaini na saba.

D:\PICHA\2009\mimba_swabaha_haji.jpg

Nilisoma mara nne. Kwa hiyo miaka kumi na tano nimekuwa nakaa kwenye kompyuta ya mtu kwa jina hilo. Wewe ulikuwa umeshaolewa Biharamulo, hukuona. Alinisimamisha mbele ya shule nzima, akaniambia nigeuke ubavu ili tumbo lionekane, akapiga picha. Kesho yake nikawa ubaoni, pembeni ya ratiba ya mitihani, wasichana wengine wajifunze. Mama akaja na basi la asubuhi kunichukua. Mtoto mwenyewe hakumaliza wiki mbili duniani.

Na sasa anataka kuniweka kitabuni, Nyakisasa yote iniangalie siku ya sikukuu, na ananiandikia kwa furaha: utaijua mwenyewe, ni yako. Ananichezea. Amepofuka macho lakini ulimi ule ule.

Sitamwambia kwamba picha hazikufika.

Mdogo wako,
Swabaha


Biharamulo
24 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Hasira yako ni haki yako. Lakini fanya hivi: mwambie alete folda, hiyo yako ifute, nyingine zichape. Wale sitini na wawili hawajakukosea. Kuna mama mmoja huko wa fremu, wewe mwenyewe umenitajia. Amekufanya nini?

Na usiniandikie tena. Shemeji yako anafungua hata mifuko ya sukari.

Raya


Nyakanazi
1 Julai 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nimezipitia zote sitini na tatu. Sijui niseme nini. Ile ya Bulugu na ng'ombe wake, amesimama kulia na fimbo begani, imenifanya nicheke peke yangu dukani. Ile ya mavuno ya mwaka 2006, kahawa imeanikwa mpaka mwisho wa uwanja. Ile ya mtoto wa Rozina. Uso ule, Mwalimu! Mama yake atalia.

Na namba arobaini na saba nimeiona. Nilikaa nayo muda mrefu. Sikujua kama unanikumbuka vizuri kiasi hicho.

Kurasa mbili za majaribio hizi hapa. Zishike. Nimetumia karatasi nzito.

Wasalaam,
Swabaha


Nyakisasa
8 Julai 2024

Swabaha,

Karatasi nimezishika. Nimezinusa pia, usinicheke. Nilipitisha kidole pembeni ya picha nikahisi mstari wa fremu yake. Umefanya kazi nzuri.

Kuna jambo dogo limenisumbua. Unasema Bulugu amesimama kulia na fimbo begani. Mimi nakumbuka amekaa. Amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na ng'ombe amelala karibu na miguu yake. Nimebishana na nafsi yangu siku tatu. Lakini wewe una macho na mimi sina, kwa hiyo nimekubali amesimama. Ni jambo la kuogopesha, Swabaha, kuona kwamba hata zile nilizozihifadhi kichwani zimeanza kugeuka. Nilidhani hizo angalau ni zangu.

Sasa nina swali, nalo ulijibu kwa uangalifu. Shule ya ushonaji ya parokia wanaomba kompyuta yangu. Kwangu haina faida tena, kuchapa nachapa kwenye ile nyingine ndogo. Fundi anataka kuisafisha yote aiweke upya. Kadi za kamera zilishaoza kwa unyevu, sina nakala nyingine yoyote. Je, picha zote ziko kwako salama? Ukisema ziko, nitawapa. Ukisema subiri, nitasubiri.

Mwl. A. Rwekaza


(kikaratasi ndani ya bahasha hiyo hiyo, kwa mkono)

Mwanangu Swabaha,

Salamu nyingi. Mwalimu hajui naandika haka. Hizo karatasi mbili za majaribio mimi nimeziangalia, naona visanduku tu na maneno ya kizungu na namba, watu siwaoni. Alikuwa anazipapasa huku anacheka, ananiambia Domi, tazama Bulugu. Nikasema namuona. Je ndivyo zinavyokuwaga mwanzo? Mimi mambo ya kompyuta siyajui, nimeishia darasa la saba. Niambie tu ukweli nitulie.

Mama Domisiana


Nyakanazi
13 Julai 2024

Mama Domisiana, shikamoo.

Ndiyo, mama, mwanzo zinakuwaga hivyo. Kisanduku kinashika nafasi ya picha. Picha zenyewe zinakaa kwenye mashine, zinaingia siku ya kuchapa. Usimwambie Mwalimu, atakosa usingizi bure.

Swabaha


Nyakanazi
13 Julai 2024

Mwalimu, shikamoo.

Picha zote ziko kwangu. Nimezihesabu tena leo asubuhi kabla ya kukujibu, sitini na tatu. Kompyuta wape hao watoto wa ushonaji. Fundi afute tu.

Na Bulugu amesimama, Mwalimu. Ninamtazama hapa.

Wasalaam,
Swabaha


Nyakisasa
2 Agosti 2024

Swabaha,

Kompyuta imekwenda. Fundi aliichukua Jumatatu. Nilidhani nitasikitika, lakini nimejisikia kama mtu aliyekabidhi watoto kwa mlezi mzuri.

Maelezo ya picha yako kwenye flashi hii nyingine. Utaona ni mafupi, mistari miwili mitatu kila mtu, isipokuwa namba arobaini na saba, ambayo nimeshindwa kuifupisha. Kwa hiyo hiyo moja nakuandikia hapa kwanza, kama mtu na mtu.

Ile picha niliyobandika ubaoni mwaka 2009 haipo. Niliifuta mwenyewe mwaka ule ule. Sitaki kusema kwa nini. Nilikuwa mkuu wa shule na nilifanya kama wakuu wa shule walivyofanya. Hii uliyoiona wewe ni nyingine, ya kesho yake. Mama yako alishuka kwenye basi, akaja moja kwa moja mpaka ubaoni, akaing'oa ile karatasi. Mimi nilikuwa na kamera shingoni. Nilitaka kupata ushahidi kwamba ameharibu mali ya shule. Nikamwita, akageuka, nikapiga. Wewe uko nyuma yake, umefunikwa kanga yake, huonekani hata kidogo. Yeye anaonekana wote. Hakugeuza uso. Alinitazama kwenye kioo cha kamera mpaka mimi nikaishusha.

Uliponiandikia kwamba Bi Pili hana picha, nilijua kwa nini nimeitunza miaka yote hii.

Jina la faili ulisamehe, kama uliliona. Niliipa jina siku ile nikiwa na hasira, na nilipotaka kulibadilisha mwezi wa tatu fundi akaniambia nikibadilisha jina, kiungo kinakatika na picha inapotea kwenye kitabu. Nikaogopa kuipoteza. Nikaliacha.

Maelezo marefu ya namba arobaini na saba nitakutumia kwa bahasha yake. Nataka nieleze sura ya Bi Pili yote, ili hata karatasi ikichakaa maneno yabaki. Niko ukurasa wa pili.

Hii barua si ya kuomba chochote. Nilitaka tu uwe nayo.

A. Rwekaza


Nyakanazi
6 Agosti 2024

Mwalimu,

Fundi asifute! Kama bado, asiiguse kabisa hiyo kompyuta, hata kuiwasha asiiwashe. Nampa kondakta barua hii sasa hivi, nimemwambia asiitoe mkononi. Nimepiga simu parokia, haipokelewi. Nipeni jina la fundi na yuko wapi, nitakuja mwenyewe kwa gari la kwanza.

Picha sinazo. Sikuwahi kuwa nazo. Uliniletea viungo, Mwalimu, picha zilibaki kwenye kompyuta yako, kwangu vilikuwa visanduku vitupu tangu siku ya kwanza. Nilisoma jina la namba arobaini na saba nikadhani unanicheka. Barua yako ya mwezi wa sita nikaisoma kwa sauti yako ya paredi ya shule. Nikanyamaza. Halafu nikakudanganya. Ya Bulugu nilibuni kutoka kwenye jina la faili, ya mtoto wa Rozina nilibuni, na Mama Domisiana nilimdanganya kwa mkono wangu.

Lakini kosa la kwanza ni la kiungo, ungeniletea folda haya yote yasingekuwepo. Sisemi hivyo kujitoa. Sijui nasema nini. Diski iliyofutwa inaweza kurudishwa, kuna watu Mwanza wanafanya kazi hiyo, ilimradi hakijaandikwa kitu juu yake. Iokoeni hiyo diski tu. Nakuomba. Mama yangu yumo.

Swabaha


Nyakisasa
14 Agosti 2024

Swabaha,

Mwalimu hajataka kuandika kwa hiyo naandika mimi.

Barua yako ilifika tarehe nane jioni. Asubuhi nilipanda pikipiki mpaka kwa fundi, kule Mugoma, peke yangu. Kompyuta ilikuwepo pale mezani, nzima, inawaka vizuri. Nikamwambia nataka kilichokuwemo. Akaniambia diski ya zamani ilikuwa inapiga kelele, akaitoa akaweka nyingine. Nikauliza ya zamani iko wapi. Akanionyesha. Aliifungua na bisibisi akatoa sumaku, maana sumaku za humo zina nguvu, wenzake wanazipenda kwa kuokotea misumari. Vile visahani vinavyong'aa kama kioo alikuwa amewapa watoto wake wajitazamie. Kimoja nilikikuta uani kimevunjika. Nimekileta nyumbani nikampa Mwalimu mkononi. Akakipapasa akauliza ni nini. Nikamwambia.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Ya kwanza nilisoma haraka nikiruka mahali pangu, pale pa kunidanganya, kwa aibu. Akajua nimeruka. Akasema soma yote, polepole.

Mimi nilikuandikia kikaratasi nikakuomba ukweli nitulie. Nilikuita mwanangu. Ungeninyamazia hata kunijibu usinijibu, ningemwambia Mwalimu nilichokiona, na kompyuta isingetoka humu ndani. Ulinijibu siku ile ile uliyopata. Kwa mwandiko mzuri.

Rozina amekuja jana kuuliza kama kitabu kinaendelea. Fremu ameipaka vanishi.

Usinijibu. Barua yako nyingine ikifika sitamsomea, na mimi mwenyewe sitaifungua.

Domisiana


Nyakanazi
19 Agosti 2024

Mwalimu,

Ninajua barua hii huenda haitasomwa. Mama Domisiana, kama umeifungua, tafadhali msomee huu mstari mmoja tu.

Mwalimu, ulisema uko ukurasa wa pili wa maelezo ya sura ya mama. Naomba hizo kurasa. Sitaki kitu kingine, kitabu nitakichapa jinsi mtakavyosema au nitakiacha, nije Nyakisasa nipige magoti mbele ya watu wote nitakuja. Nipeni maneno tu. Nina miaka thelathini na mbili na sura ya mama yangu siijui.

Swabaha


Nyakisasa
1 Septemba 2024

Swabaha,

Domisiana aliapa hatafungua, lakini ameishi na mwalimu miaka arobaini, hawezi kuona karatasi bila kuisoma. Nimeusikia mstari wako.

Kitabu usichape. Sikukuu itapita kama nyingine. Rozina nimemwambia picha ya mwanawe imepotea kwa uzee wangu. Wengine pia nimewaambia hivyo, nyumba kwa nyumba, nikishikwa mkono. Wengine waliniambia pole. Mmoja aliniuliza kwa nini basi nilimwambia aje achague nguo ya kuvaa siku ya kitabu. Jina lako sikulitaja. Usidhani nimekusitiri. Ningekutaja ningelazimika kueleza nilichokufanyia mwaka 2009, na sitaki wakijue.

Umeandika kwamba kosa la kwanza ni la kiungo. Hapana. Kiungo kilikwenda kilipoelekezwa, hakikukuta kitu, kikaonyesha kisanduku kitupu mbele ya macho yako mazima. Hakikukuficha. Wewe ndiye uliyeambiwa na mashine kwamba hakuna kitu, ukamwambia kipofu kwamba kipo. Na mimi ndiye niliyewafundisha watu miaka kumi na tisa kuiamini mashine, halafu sikuiuliza mashine, nikamwuliza mtu. Nilisema kompyuta haikosei. Sikujua nitakuja kulithibitisha hivi.

Bulugu alikuwa amekaa. Nimerudi kwake sasa, yuko juu ya kinu, ng'ombe yuko miguuni. Mwezi mzima uliniondolea hata huyo.

Kuhusu kurasa za mama yako. Zilikuwa mbili, nilizimaliza tarehe nne Agosti. Mwezi wa tatu nilimtazama kwa lenzi kipande kwa kipande, maana lenzi haichukui uso mzima: jicho moja, kisha la pili, kisha mdomo, kisha paji. Nilichukua asubuhi nzima. Ni sura ya mwisho niliyoiona vizuri maishani mwangu, na kila kitu nilikiandika, hata jinsi alivyokuwa amekaza upande mmoja wa mdomo na si mwingine. Faili nimelifuta, na juzi nilimwambia Domisiana azitie karatasi zenyewe kwenye moto wa jikoni. Alisita kidogo. Kisha akazitia.

Kichwani ninayo. Kwangu mchana na usiku ni kitu kimoja, kwa hiyo namwona wakati wowote ninaotaka. Ananitazama vile vile. Sitamweleza kwa mtu, na nikifa Domisiana hatakuwa na cha kukupa.

Nilikuwa nimeanza kukupenda kama mwanafunzi aliyerudi. Hilo nimeona nikuambie pia.

Flashi baki nayo. Ukitaka kwenda kwa mama yako, njia imeandikwa humo, namba arobaini na saba.

Mwl. A. Rwekaza